Shokabzoba za Abdulmalik

Mimi Nzuki siamini mtu. Nasema mapema ili tusisumbuane. Nikinunua posho kilo mbili, napeleka kwa mizani ya pili. Pasta akisema tufumbe macho tuombe, mimi nafumba moja. Na gari ikiletwa kwa karakana yangu hapa soko la Kabati, namwangalia mwenyewe kwanza kabla sijafungua boneti, kwa sababu gari haijui kudanganya, mwenyewe ndiye anajua.

Kwa miaka kumi na minane ni mtu mmoja tu nilikuwa nimemwachilia kwa hizi shuku zangu. Huyo ni Abdulmalik, mwenye duka la spea lililoshikana na karakana yangu. Babu yake alitoka Pwani na biashara ya nguo, akafika Kitui akakaa, na Kikamba cha Abdulmalik ni safi kuliko changu. Kati yetu kuna ukuta wa mabati, na kwa huo ukuta tulikata tundu la ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Nikitaka spea napiga mabati mara mbili, nataja gari, mkono wake unapita na boksi. Saa nne asubuhi mkono huo huo unapita na kikombe cha chai ya tangawizi. Kwa miaka hiyo yote sikuwa nimenunua chai Kabati hata siku moja.

Halafu Mbithe akaleta gari yake.

Mbithe ni nesi Kitui mjini, lakini kwao ni Kalamba, upande wa Makueni. Marehemu baba yake alikuwa akiniletea pikapu, ndiyo maana naye alinijia. Alikuwa amenunua gari ya spoti kwa mtu Nairobi, nyekundu, milango miwili, imekaa chini mpaka nikashangaa.

"Mwaitu! Mama yangu! Mbithe, hii utapita nayo wapi?"

"Kwa barabara, fundi. Kwani wewe hupitia wapi?"

Ilikuwa inagonga nyuma. Nikaingia chini nikaona shokabzoba za nyuma, zile za kutuliza gari isirukeruke, zimekufa, zinatoa mafuta, na bushi zimepasuka. Bushi ni zile raba za duara zinazokaa ndani ya chuma kinachoshika gurudumu, bolti inapita katikati, ili chuma na chuma visigongane. Nikapiga mabati mara mbili. Abdulmalik akaniagizia shokabzoba mbili na bushi nne, zote mpya, kwa boksi. Nikainua gari kwa jeki, nikaikalisha juu ya mawe, magurudumu yakining'inia, nikafunga kila kitu na kukaza kwa nguvu zangu zote, vile nilifunzwa na marehemu mzee Kitonga wa Matinyani miaka ishirini na mbili iliyopita. "Bolti ikilia, ongeza robo," alikuwa akisema. Kugonga kukaisha. Mbithe akaenda akicheka.

Baada ya wiki mbili akarudi, siku ya soko, na hakuwa anacheka. Alishuka ameshika kiuno.

"Fundi, umenifanyia nini? Hapo kwanza gari ilipiga kelele lakini ilikuwa imelala, laini. Sasa ni ngumu kama mkokoteni. Nikikanyaga ganda la ndizi nasikia kama lilikuwa limeiva ama bado."

"Pole. Huenda ni barabara."

"Barabara ni ile ile! Jumamosi nilimchukua mama Kalamba nikampeleka kliniki ya mgongo. Tulifika akiwa analia. Akaniambia siku ingine nimtafutie punda."

Hiyo ya mama ilinichoma. Lakini mimi ni mimi, kwa hivyo wa kwanza kushukiwa alikuwa Mbithe mwenyewe. Nikamuuliza kama ameipeleka kwa fundi mwingine. Akaapa hajaipeleka. Nikawashuku vijana wa kituo cha petroli, na hapo sikukosea sana, maana hao wanajua kipimo kimoja tu cha upepo, cha Probox iliyobeba maembe. Tairi zilikuwa zimejazwa mpaka zinataka kupasuka. Nikapunguza upepo, tukaizungusha mpaka kanisani na kurudi. Bado ngumu. Nikamshuku yule aliyeuza. Watu wengine huchomeka vipande vya raba katikati ya springi ili gari ipande juu, halafu wanauza bila kusema. Nikachungulia na tochi, springi zilikuwa safi, hazina kitu.

Nikakalia buti ya gari kuipima. Mimi ni kilo tisini na mbili, na Muthoki mke wangu anasema mizani ilinionea huruma. Gari ilishuka upana wa ukucha, ikakataa kuendelea.

Kilichobaki ni shokabzoba. Shokabzoba feki huwa hivyo, hukauka kama fimbo. Na wakati huo huo, nikiwa bado nimekalia buti, mkono ukapita kwa tundu na kikombe cha chai.

Niliuangalia ule mkono. Nikajiambia, Nzuki, kikulacho ki nguoni mwako. Miaka kumi na minane unapokea boksi kwa tundu bila kuangalia ndani. Kwani nani alikwambia huyu ni malaika? Sikuichukua ile chai. Nikazunguka mpaka mbele ya duka, na hasira yangu ikanitangulia.

"Abdulmalik, zile shokabzoba za gari nyekundu ulitoa wapi?"

"Pale pale pa siku zote. Si uliona boksi?"

"Boksi siku hizi huchapishwa hata jikoni."

Akateremsha miwani. Ni mtu mpole, hapandishi sauti hata akiumwa na jino. "Nzuki, unasema nini?"

"Nasema feki. Umeniuzia feki, na mama ya watu amelia barabara nzima kwa sababu yako."

"Sema polepole, ndugu yangu. Kuna watu."

"Ndio nataka wasikie!" Na walikuwa wanasikia, soko lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. "Kama spea zako ni safi, uape. Siku ya soko ijayo, hapa mbele, ushike Kitabu chako uape hujawahi kuniuzia feki."

Hata mama anayeuza ndengu mlangoni aliacha kupima.

Huku Ukambani kiapo si mchezo. Sisi ni watu wa kanisa, mimi mwenyewe ni shemasi, na kiapo cha wazee wa zamani tuliacha. Lakini hofu yake haikuacha kutujua. Ukimwambia mtu aape mbele ya soko, umeshamwita mwizi. Na kila mtu anajua kwamba kiapo hakilali njaa. Kama aliyeapa ni mwongo, kinamla yeye. Kama ni mkweli, kinarudi kumtafuta aliyekiita.

Abdulmalik akarudisha miwani machoni. "Nitaapa," akasema. "Lakini nikishaapa, Nzuki, nafunga hili duka. Nitaenda Mwingi kwa kaka yangu nianze upya. Siwezi kuuza hata bolti mahali nimeapishwa."

Nikarudi kwangu. Kikombe kilikuwa kimeondolewa. Nikasikia nyundo upande ule, misumari minne, na tundu likafungwa na kipande cha mabati.

Wiki hiyo hakuna aliyeingia kwa Abdulmalik. Nilikuwa naona. Mtu anakuja moja kwa moja, anafika mlangoni, anakumbuka, anageuka. Muindi wa Matinyani, mwenye Probox ya kubeba ndengu, alinijia akanong'ona, "Ni kweli hayo tunasikia?"

Nikamwambia, "Mimi sijasema mengi. Wewe angalia tu boksi vizuri."

Ona hiyo roho yangu! Na nilijisikia mwerevu nikisema hivyo.

Aliyenivuruga ni Muthoki. Aliniwekea chakula akabaki amesimama. "Baba watoto, unamwapisha Abdulmalik? Huyo si ndiye alikunja suruali akaingia kwa kaburi la mama yako, akachimba na watu wetu?"

"Kuchimba kaburi na kuuza spea ni vitu viwili."

"Sawa. Hizo shokabzoba umezifungua ukaziona na macho?"

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Hujazifungua," akasema. "Umemwita mtu mwizi kwa makalio."

Nilikasirika nikasukuma sahani. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema ukweli.

Siku moja kabla ya soko nikamwita Mbithe alete gari. Alikuwa zamu ya usiku, kwa hivyo mchana alikaa kwenye benchi yangu akisinzia, nami nikafanya kazi peke yangu. Nyuma ya ile gari springi imekaa peke yake na shokabzoba imekaa peke yake, kwa hivyo unaweza kutoa moja bila kugusa nyingine. Nikatoa shokabzoba zote mbili. Nikasimamisha ya kwanza kwa saruji, nikaikandamiza kwa mikono. Ikashuka taratibu, bila kukwama. Nikaiachilia, ikapanda taratibu. Nikarudia mara tano. Ya pili, vilevile. Sijawahi kushika shokabzoba nzuri kama zile.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikajiambia feki za siku hizi ni za ujanja, zinajua kudanganya hata mkono wa fundi. Nikateremsha gari chini ikiwa haina shokabzoba kabisa. Gari bila shokabzoba ukiikalia inacheza kama kitanda cha springi, kila mtoto anajua. Nikakalia buti.

Ikashuka upana wa ukucha, ikakataa.

Nikaruka juu, nikajitupa tena na kilo zangu zote. Ukucha. Mbithe akaamka akaniuliza kama niko sawa. Shokabzoba zilikuwa kwenye saruji mbele ya macho yangu, na gari ilikuwa ngumu vilevile. Sasa nilikuwa namlaumu nani?

Kama si tairi, si springi, si shokabzoba, kitu kingine nilichogusa ni kimoja tu, bushi. Na bushi nilikuwa nimeziona mwenyewe, mpya, raba laini, hazina kasoro.

Nikatafuta magogo manne, tukapandisha gari juu yake, kila gurudumu na gogo lake, uzito wote ukiwa kwa magurudumu. Hivyo nikaweza kuingia chini gari ikiwa imesimama kwa miguu yake. Katika miaka ishirini na mbili sikuwa nimewahi kushika bolti ya bushi gari ikiwa hivyo. Siku zote naiinua kwa mawe, kwa sababu mkono unapata nafasi. Nikaweka spana, nikavuta ili kuilegeza.

Tuk!

Gari ilinishukia vidole viwili. Nilidhani inaniangukia, nikatoka pale chini kwa tumbo. Lakini ilikuwa imekaa tu. Ilikuwa imekaa vizuri kwa mara ya kwanza tangu nilipoishika.

Nikakaa kwa vumbi nikaelewa. Bushi ni raba. Ukikaza bolti gurudumu likiwa linaning'inia, raba inashikwa hapo. Ukishusha gari, chuma kinataka kwenda juu na raba inakivuta chini, imejisokota, inapigana na kila shimo la barabara. Kwa Probox yenye magunia manane hakuna anayesikia, raba inapasuka tu mapema na mtu anasema ni barabara. Kwa gari ndogo ya spoti, mama ya mtu analia. Ni mkono wangu. Haukuwa wa mtu mwingine.

Nikazifungua zote nne, nikazikaza gari ikiwa chini, nikarudisha shokabzoba za Abdulmalik. Mbithe akaizungusha mpaka kanisani, akarudi amefungua mdomo.

"Fundi! Imelala! Ilikuwa nini?"

Na mimi, shemasi Nzuki, nikamwambia, "Ah, haya magari ya spoti yana maringo tu."

Aibu gani hii. Nilipokuwa nanawa mikono na sabuni ya unga nilikuwa tayari nimepanga. Kesho Abdulmalik akitoka, nitamwahi kabla hajaapa. Nitasema mbele ya watu, nimekusamehe, yaishe. Yeye hatahama, mimi sitaaibika, na watu watasema Nzuki ana roho kubwa. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaniudhi mpaka leo.

Asubuhi ya soko Abdulmalik alitoka amevaa kanzu nyeupe, Kitabu amekifunga kwa kitambaa, amekikumbatia kifuani. Nyuma yake rafu zilikuwa nusu tupu na katoni zimepangwa mlangoni. Alikuwa amemaanisha. Watu wakatuzunguka.

Nikapiga hatua mbele. "Abdulmalik, usiape. Mimi nimekusamehe. Yaishe."

Watu wakafurahi, nikasikia mama mmoja akisema amina. Abdulmalik hakufurahi.

"Umenisamehe nini?" akauliza.

Muindi ndiye alinijibia, na alidhani ananisaidia. "Si hizo feki zako! Hata mimi bushi zako zilikaa kwa Probox miezi mitatu tu. Ukakiri mwenyewe boksi lilikuwa baya, ukanipa zingine bure!"

"Hata mimi!" mwingine akasema. "Alisema ni kosa la kiwanda."

"Mimi pia! Alinibadilishia mara mbili."

Walikuwa watano, sita. Nikaangalia zile nyuso moja moja, na kila uso nilikumbuka gari yake, juu ya mawe yangu, magurudumu yakining'inia. Nikamgeukia Abdulmalik. Alikuwa anaangalia chini.

Nikamsogelea. "Ulijua?"

Alinijibu kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie. Hata siku hiyo, ili wengine wasisikie! "Sikujua ni nini unakosea. Lakini bushi hizo hizo nauzia fundi mmoja kijana wa Matinyani, na kwake zinakaa miaka miwili. Ningewaambia nini, Nzuki? Kwamba ni mkono wako?"

Jamani. Kwa miaka mtu amekubali spea zake zitukanwe, amegawa bushi bure, ili jina langu lisiguswe. Na mimi nikamwitia kiapo. Nilitamani ardhi ipasuke, na hapa kwetu huwa haipasuki mtu akiihitaji.

"Rudisha Kitabu ndani," nikamwambia. "Hakuna kiapo hapa."

Nikachukua spana mfukoni, nikaiinua watu waione, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema yote. Nikasema shokabzoba zilikuwa nzuri, bushi zilikuwa nzuri, kila bushi iliyopasuka Kabati niliipasua mimi kwa kuikaza vibaya. Nikasema nilijua tangu jana mchana, na bado nilikuja hapa kumsamehe mtu ambaye hana kosa. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu kutoka.

Mtu mmoja akacheka. Wengine hawakucheka. Muindi akaja karibu na uso wangu. "Kwa hivyo Probox yangu..."

"Ilete. Ileteni zote. Nitarudia bila malipo."

"Na sisi tuliompita mlangoni wiki nzima?" mama wa ndengu akauliza.

Abdulmalik hakuniambia kitu. Hakusema asante, hakusema pole, hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Niliporudi nyumbani nikamlalamikia Muthoki kwamba amenyamaza tu. Akaniuliza, "Ulitaka akupigie makofi?"

Siku tatu zikapita. Magari yalipanga foleni nje, mengine ya watu waliokuja tu kunicheka. Kwa mara ya kwanza nilinunua chai, kwa hoteli ya Kanyiva ng'ambo ya barabara. Ilikuwa sukari tupu, haina hata harufu ya tangawizi. Niliinywa nikiangalia kile kipande cha mabati na misumari yake minne. Katoni hazikuwa zimeondoka mlangoni kwake, lakini pia hazikuwa zimefunguliwa. Mimi sikuthubutu kubisha.

Siku ya nne nilikuwa na Probox ya Muindi juu ya mawe, bushi za zamani nimezitoa, mpya sina, na nilikuwa naogopa kuzunguka pale mbele kununua. Saa nne hivi nikasikia msumari ukilia kwa mabati. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Kipande kikaondoka, mkono ukapita.

Nikanyoosha wangu kupokea kikombe. Halikuwa kikombe, lilikuwa boksi.

"Za Muindi," sauti ikasema kutoka upande ule. "Na ukaze gari ikiwa chini."

Nikafungua boksi, na sikuwa naangalia kama ni feki. Nikaziingiza zile raba, nikaishusha Probox juu ya magogo, nikalala chini na spana. Kabla sijavuta, nikapiga mabati mara mbili, ili ajue gari iko chini. Kisha nikakaza.